Simu ya laki na nusu Mombasa, inalipa ama hailipi?

Watu wengi wakitaka kununua simu huanza na ipi ndio kali, ipi ina kamera kubwa. Mie naona uanze na miaka utakayokaa nayo na kazi itakayokufanyia, ukishajua hayo mawili hata bei utaiangalia kwa jicho lingine.

Tuchukue Samsung Galaxy S24 Ultra. Ilitoka Januari 2024 kwa dola 1,299, ukipiga kwa shilingi 129 kwa dola hiyo ni 167,000 na ushei, na hapo bado hujaweka ushuru wala faida ya muuzaji. Samsung wakaahidi apdeti za miaka 7, na Google walikuwa washaahidi hivohivo kwa Pixel 8 mwezi wa 10 mwaka 2023. Sasa gawanya, hata ukikaa nayo miaka 7 yote ni kama elfu 24 kwa mwaka, elfu 2 kila mwezi, na betri lazima ubadilishe hapo katikati.

Wanaotetea simu ghali husema ya bei ndogo baada ya miaka miwili imekwisha, apdeti hakuna, mwisho unanunua tatu na pesa ni zilezile. Hoja hii ilikuwa na nguvu sana zamani, na hata leo sio ya kutupa, manake simu bila apdeti za usalama ndio hiyohiyo una akaunti ya benki ndani yake, na WhatsApp nao hawangoji mtu, Januari 2025 waliacha kabisa simu za Android 4.4. Lakini Samsung hao hao mwaka 2024 wakatoa Galaxy A16, simu ya bei ya chini, wakaipa ahadi ya apdeti miaka 6, tena ina nafasi ya memori kadi ambayo laini ya S haina tangu S21 ya 2021. Sasa tofauti ya miaka 6 na 7 ndio ulipie laki? Kwa hoja hiyo peke yake mie sikubali.

Kinachonishika ni mambo mengine kabisa. Kwanza mwangaza wa kioo. Wewe simama Nyali saa saba mchana jua la kaskazi liko kichwani, umuone mtu wa bodaboda anavosoma ramani, anaziba simu na kiganja, anaigeuza huku na kule, mteja anapiga simu uko wapi. S24 Ultra kioo chake kinafika niti 2,600 (niti ni kipimo cha mwangaza), ile unasoma juani bila taabu, na kwa mtu ambaye kila oda anaifuata kwa ramani hiyo ni pesa kabisa. Pili video. Dada anayeuza madera na mabuibui TikTok, kijana anayerekodi harusi usiku taa hafifu, hao simu ghali inawafaa wallahi, video haitetemeki, rangi ya nguo inatoka ilivo na mteja akipokea mzigo hasemi ameletewa nguo nyingine.

Megapikseli 200 za kamera ya S24 Ultra lakini ndio zinapoteza watu. Simu yenyewe ukipiga picha kawaida inaunganisha pikseli 16 ziwe moja unapata picha ya megapikseli 12, halafu unaituma WhatsApp inaminywa tena, shangazi yako kule Likoni akiifungua haoni tofauti na ya simu ya kawaida. Kwa hivo kama picha zako zote zinaishia status, usitoe pesa kwa hiyo namba.

Na kuna hili la bahari ambalo sisi wa huku linatuhusu zaidi ya mtu wa Nairobi. IP68 ya S24 Ultra, ile alama ya kuzuia vumbi na maji, maana yake ni maji baridi yasiyo na chumvi, mita moja na nusu kwa dakika 30, tena maabara. Maji ya chumvi hayamo, Samsung wenyewe wanasema sio simu ya kuenda nayo beach wala swimming pool, na Apple maji yakiingia waranti yao ya kawaida hailipi. Joto nalo, Apple wameandika iPhone itumike mahali pasipozidi digrii 35, sasa ukiiacha kwa dashibodi ya gari mwezi wa pili imeegeshwa Mwembe Tayari hiyo digrii unaipita mapema sana, simu inapunguza mwanga na chaji inakataa kupanda. Simu ya laki na ya elfu 20 zote zinateseka, ila kioo cha ile ya laki kikivunjika, fundi akikutajia bei unaweza kununua simu nyingine nzima.

Kwa mtu wa M-Pesa, WhatsApp na Facebook, mie nasema wazi, baki na ya kati. Galaxy A56 ilitoka 2025 kwa dola 499, apdeti miaka 6, IP67, haikuaibishi popote. Na usikubali kuvutwa na ile ya kulipa mdogo mdogo kila siku kabla hujauliza jumla yake yote, kwa sababu ukijumlisha siku zote bei inapanda kuliko kashi, na ukikosa kulipa inafungwa ukiwa katikati ya kazi.

Mwenye kuhitaji kamera kweli na pesa haitoshi, ziko za mtumba za Dubai, iPhone ama Samsung ya miaka miwili nyuma, na hapo mie ndio naona faida ya kweli iko, manake yule wa kwanza ashabeba hasara kubwa ya bei. Ila kagua. Piga *#06# ulinganishe IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu, na ya kwenye boksi na risiti. iPhone kuanzia 12 ingia Settings, General, About, kama kioo ama betri sio ya Apple itakuandikia Unknown Part, halafu angalia afya ya betri. La mwisho mwambie muuzaji aifute yote mbele yako na aiwashe upya, ikiuliza akaunti ya mwenyewe na yeye hana, mrudishie simu yake uende duka la pili.