Mgombea udiwani na bomba la mafuta

Kinachonikera kila kampeni za udiwani zinapofika hapa Tanga ni mgombea kupanda jukwaani na kutuahidi bandari, reli na bomba la mafuta litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani hapa kwetu, ilhali anaomba kwenda kuketi katika baraza la madiwani, ambalo halina mamlaka juu ya hata kimoja kati ya vitu hivyo. Diwani hupitisha bajeti ya halmashauri, hushiriki kutunga sheria ndogo na huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Basi atueleze hayo.

Mtaani kwetu mtaro umejaa mchanga na chupa za plastiki, na masika yakianza maji machafu hufika mpaka kizingitini, huku wauza mboga wakidaiwa ushuru wa meza zilizo kando ya taka ambazo hazijazolewa. Mama mmoja aliuliza mkutanoni ni lini zile taka zitaondolewa, akajibiwa kwa wimbo wa chama. Jambo hilo liliniuma sana, kwa kuwa swali lake lilikuwa na uzito kuliko hotuba nzima.

Na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, nani atafuatilia igawiwe kwa haki? Mgombea anayeitaka kura yangu aje na jibu la mtaro, na aseme fedha za kazi hiyo zitatoka fungu gani.