Makosa ya Wentz, bahati mbaya ya Foles

Mtajie shabiki wa Philadelphia Eagles, timu ya futiboli ya Marekani, jina la Carson Wentz, hata leo, atakunja uso. Mtajie Nick Foles, atatabasamu. Tabasamu nalielewa. Foles aliinuka benchi Desemba 2017 baada ya Wentz, kwotabeki namba moja, kuumia goti, na Februari 4, 2018 kule Minneapolis akawapa Eagles Super Bowl, fainali ya ligi, yao ya kwanza kwa kuwafunga New England Patriots 41-33. Alirusha yadi 373, kisha akadaka yeye mwenyewe pasi ya tachidauni, yaani bao kubwa la mchezo huu, kitu ambacho kwotabeki hafanyi. Amejengewa sanamu nje ya uwanja, na haki yake.

Ninachogomba nacho ni mizani. Wentz anapimwa kwa siku yake mbaya kuliko zote, Foles kwa siku yake nzuri kuliko zote, halafu watu wanakuambia wamelinganisha.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulizi na kuamua uende wapi. Timu ikishinda anasifiwa kupita kiasi, ikifungwa anabebeshwa hata madhambi ya mabeki. Sawa, ndiyo kazi yenyewe. Lakini basi tuwabebeshe wote wawili.

Chukua msimu wa 2018, ule uliofuata baada ya ubingwa. Wentz alianza mechi 11, akarusha tachidauni 21, na pasi zake 7 zikanaswa na wapinzani. Foles alianza mechi 5, akapata tachidauni 7, na zake zilizonaswa ni 4. Gawanya mwenyewe uone nani alikuwa akiutunza mpira vizuri zaidi. Ila timu ilishinda mechi 5 kati ya zile 11, na 4 kati ya zile 5, na hiyo ndiyo hesabu pekee iliyokuwa ikizunguka midomoni. "Wachezaji wanamchezea Foles," watu walisema, kana kwamba Wentz walikuwa wanamgomea.

Oktoba mwaka huo Eagles waliingia robo ya mwisho ya mechi wakiwaongoza Carolina Panthers 17-0 nyumbani Philadelphia. Wentz alifikisha pasi 30 kati ya 37 siku ile, yadi 310, hakunaswa hata moja. Mabeki wakaruhusu pointi 21 katika robo moja, mechi ikaisha 21-17, na kesho yake ikawa Wentz hajui kumaliza mechi. Mwezi mmoja nyuma Foles alikuwa amefungwa 27-21 na Tampa Bay, mechi ambayo DeSean Jackson wa Tampa Bay alidaka pasi ya tachidauni ya yadi 75 katika shambulizi la kwanza kabisa la timu yake. Hapo mabeki ndio waliolaumiwa. Lawama ilikuwa ya kweli. Kwa nini haikuwa ya kweli ile ya Oktoba?

Kisha Januari 2019, mechi ya mtoano kule Chicago. Foles alinaswa mara mbili, Eagles wakashinda 16-15 kwa sababu mpira wa sekunde za mwisho wa Cody Parkey, mpigaji wa Chicago, uliguswa, ukagonga mlingoti, ukagonga na mwamba, ukarudi uwanjani. Foles ana nyota, wakasema. Wiki iliyofuata huko New Orleans waliongoza 14-0 wakafungwa 20-14, pasi ya mwisho ikipenya mikononi mwa Alshon Jeffery na kuangukia kwa adui. Kosa la Jeffery, bila shaka. Nakubali kabisa, ila sijawahi kusikia Wentz akipewa nusu ya huruma hiyo.

Kuna jambo jingine linalosahaulika, nalo linaniudhi kuliko yote. Kabla ya kuumia, Wentz alikuwa na tachidauni 33 na ushindi wa mechi 11 kati ya 13. Ushindi huo ndio uliochangia zaidi Foles acheze mechi zake mbili za mtoano nyumbani kabla ya fainali. Sanamu hiyo ina mguu mmoja wa Wentz.

Msimu wa 2020 simtetei. Alinaswa mara 15 katika mechi 12, akapokwa nafasi na Jalen Hurts, na ilikuwa sawa. Lakini wengi waliichukua 2020 kuwa ushahidi wa kesi waliyokwisha kuihukumu 2018.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime. Mchezaji wa akiba ni mgeni, na Foles alilishika jembe Jacksonville. Mwaka 2019 Jaguars walimpa mkataba wa dola milioni 88 kwa miaka minne. Akavunjika mtulinga mechi ya kwanza, akaingia kijana Gardner Minshew, aliyechaguliwa raundi ya sita tu timu zilipogawana wachezaji wapya, na mji mzima ukavaa masharubu ya bandia kumuiga. Foles aliporudi alipoteza mechi tatu mfululizo, ya mwisho akitolewa wakati wa mapumziko timu ikiwa nyuma 25-0. Ni Foles yuleyule wa sanamu. Kilichobadilika ni kwamba sasa yeye ndiye aliyekuwa namba moja mwenye mshahara mnono.

Minshew naye, alipokuwa namba moja mwaka uliofuata, aliona moto. Akaishia Philadelphia, akiba ya Hurts. Desemba 2021, Hurts akiwa majeruhi, Minshew akawachapa New York Jets 33-18 kwa pasi 20 kati ya 25, na wiki hiyohiyo wakaanza: mbona huyu ndiye asianze? Kocha Nick Sirianni akawajibu kwamba Hurts akipona anarudi. Alirudi, na Februari 2025 akawafunga Kansas City Chiefs 40-22 na kuondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali.