Bahari tunayo, gati la Mama halipo

Jumamosi iliyopita wenzangu wa kazini walinichukua kwenda kupanda boti Mainz. Naishi mji mdogo, nusu saa kwa treni kutoka hapo, na muda wote niliokaa Ujerumani mto Rhine nilikuwa nauona kwenye dirisha la treni tu, natoka zamu ya usiku, macho yamejaa usingizi. Safari hii tulipanda asubuhi, tukateremka na mto mpaka Koblenz, jioni tukarudi kwa treni. Safari ya siku moja, basi. Lakini nimerudi nayo na hasira ambayo wiki nzima haijanitoka, na nataka kuisema kwa watu wangu wa Dar.

Ilianzia gatini, boti haijaondoka. Mbele yangu alikuwepo bibi mwenye kigari cha kutembelea, kile cha magurudumu manne chenye kikapu mbele. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, kwa hiyo mkono wangu ulishanyooka kumshika kabla sijafikiri. Hakunihitaji. Gati lenyewe ni jukwaa la chuma linaloelea. Mto ukijaa linapanda nao, ukipungua linashuka nao, kwa hiyo wakati wote linabaki karibu usawa mmoja na sakafu ya boti. Bibi akasukuma kigari chake, magurudumu yakagonga bati la kuvukia mara moja, akaingia. Akachagua kiti cha dirishani, akaagiza kahawa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mama.

Mama ana miaka sabini na kitu. Kwa miaka mingi aliamka usiku wa manane akaenda soko la Feri kununua samaki, akarudi nao Mbagala, akawakaanga akauza. Bahari ndiyo iliyotulea. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye karai lile. Lakini ukimuuliza ni lini alipanda chombo cha majini, atakutajia pantoni ya Kigamboni akienda msibani, na boti ya Unguja akienda harusini. Kupanda ili apumzike tu, atazame maji, hakuwahi.

Likizo iliyopita nikasema safari hii Mama naye ale upepo. Tukaenda kule ufukwe wa kaskazini yanakoondokea maboti ya kisiwa cha Mbudya. Bei niliyotajiwa kwenye simu ilikuwa moja, bei niliyotajiwa baada ya kuonekana mabegi yangu ilikuwa nyingine. Hilo nalisamehe, tulishazoea. Tukasubiri boti ijae. Ikajaa. Maji yalikuwa yanakupwa, boti imesimama mbali, na kuifikia ni kutembea majini. Watoto wa dada yangu wakakimbia wanacheka. Mama akakunja dera, akaingia maji ya magoti, yakafika mapajani, mguu ukateleza kwenye jiwe. Vijana wawili wa boti wakaja mbio, vijana wenye heshima kwelikweli: “Shikamoo bibi, samahani, tukubebe.” Mmoja akamgeuzia mgongo. Mama yangu akapandishwa botini mgongoni kwa mtoto wa watu, dera limelowa mpaka kiunoni, mkono mmoja umeshika shingo ya kijana na mkono wa pili unahangaika kuvuta kanga ajisitiri. Kisiwani akashushwa vilevile. Jioni vilevile tena. Alikula samaki chini ya banda la makuti, akasifia upepo. Usiku tulipofika nyumbani akaniambia, “Mwanangu, pazuri. Lakini usinipeleke tena.”

Nawaomba mniamini, sikuandika haya ili kuwaonyesha kwamba nimepanda boti Ulaya. Kwa uzuri hatushindwi. Maji ya Rhine ni ya kijivu, huoni chini hata hatua moja. Pale Mbudya unasimama kwenye maji ya kifua na unahesabu vidole vya miguu yako. Kule nyuma una mibuyu, mbele una bahari ya Hindi nzima. Hapa wana ngome za mawe na mashamba ya mizabibu yaliyopandwa kwenye miteremko mikali mpaka unashangaa mvunaji anasimamaje. Bonde lile, kama kilomita 65 kutoka Bingen na Rüdesheim hadi Koblenz, UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2002, na wanastahili, sibishi. Karibu na Kaub kuna ngome nyeupe katikati ya mto, Pfalzgrafenstein, iliyojengwa karne ya 14 kukamata tozo kwa kila chombo kinachopita. (Tozo kumbe ni jambo la kale sana.) Mbele kidogo ni mwamba wa Loreley, mita 132 juu ya maji, na hapo mto unabanwa na kupinda mpaka zimewekwa taa za kuwaongoza manahodha, maana meli moja haiwezi kuiona nyingine inayotoka upande wa pili wa kona. Nilikaa juu na sweta, nikatazama meli ndefu za mizigo zikipanda mto taratibu. Moja ilikuwa na gari dogo la nahodha juu ya sitaha, mapazia ya maua dirishani, na nguo za mtoto zimeanikwa kamba nzima. Familia nzima inaishi pale.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba ukishaliacha daraja la Wiesbaden, mpaka Koblenz hukuti jingine hata moja. Watu wa bonde lile wanavuka kwa pantoni. Kama sisi pale Magogoni! Sisi angalau tangu 2016 tuna Daraja la Kigamboni. Wao daraja lao la katikati wamelibishania miaka na miaka na bado halipo. Kwa hiyo yule anayeniambia wenzetu wamemaliza kila kitu, aelewe kwamba sivyo. Wana pantoni, wana foleni ya magari ikisubiri pantoni. Ila pantoni na boti zao zinafika mahali ambapo mzee anaweza kukanyaga kwa mguu wake mwenyewe. Hicho tu ndicho ninachokigombania.

Najua kaka zangu watakavyosema. “Dada, umeshakuwa Mzungu, kulowa miguu tu imekuwa kesi.” Kaka yangu, mimi nimelowa miguu Dar maisha yangu yote, mvua za masika zikijaa Jangwani umenikuta na viatu mkononi. Sizungumzii miguu yangu. Nazungumzia mama yako. Wewe mwenyewe ukiwa na wageni kutoka Moshi unawapeleka Mbudya na Bongoyo, na bi mkubwa unamwacha nyumbani na tamthilia, unasema ataumia. Unampenda, na ndiyo sababu unamwacha. Wazee wa mji wa bahari wamebaki kuiangalia bahari wakiwa kwenye daladala inayopita Ocean Road.

Mwingine ataniambia watu wa Mbagala wanapata maji ya bomba kwa mgawo, halafu mimi nataka boti ya starehe. Hoja hii naiheshimu kuliko zote, kwa sababu ndoo nimebeba. Lakini nimechoka kuambiwa kwamba maskini hana haki ya kupumzika mpaka shida zote ziishe. Shida haziishi. Mama amefanya kazi tangu akiwa binti. Akisubiri mgawo wa maji uishe ndipo apumzike, atapumzikia kaburini. Na jukwaa la kuelea halichukui hata bomba moja la mtu. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na kila anayekwenda analipa kiingilio. Kwa nini kiingilio hicho kisirudi kwa mlipaji kama gati?

Kuna atakayesema mto si bahari. Kweli kabisa, na watu wa bahari tunaijua bahari yetu. Maji ya bamvua Dar yanapanda na kushuka mita tatu na ushei, na kusi likichachamaa, chombo kidogo kinatulia nyumbani. Lakini na Rhine nayo si mto mpole. Oktoba 2018 ukame ulishusha kipimo cha maji cha pale Kaub mpaka sentimita 25, na mafuriko yakija mto unapanda kwa mita kadhaa. Kilichowafanya wajenge gati linaloelea ni kwamba maji hayatulii. Sisi ambao maji yetu yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ya Mungu, ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kulihitaji. Na wao pia boti zao za kutembea ni za kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli. Baridi ikikaza, wanafunga. Sisi kusi likikaza tufunge, kaskazi likirudi tufungue. Kuna ubaya gani?

Na hofu, ndiyo. Sijaisahau. MV Bukoba, Spice Islander, Skagit, MV Nyerere, vyombo vyetu vilivyozama na watu. Kila familia ina mtu au inamjua mwenye mtu. Mama mwenyewe botini alikuwa anasoma dua kimyakimya na boti ilikuwa inatembea vizuri tu. Jaketi la kuokolea alilopewa halikuwa na kifungo, akalifunga kwa mtandio. Sasa nani anamlaumu akiogopa? Mtu aliyepanda kwa kubebwa, akafunga jaketi kwa mtandio, anajua ndani ya roho yake kwamba hakuna aliyemfikiria alipopanga safari ile. Yule bibi wa Mainz alijua kwamba kuna mtu alimfikiria. Ndiyo maana alikunywa kahawa yake kwa raha.

Halafu kuna wale wa “wenzetu wana hela, meli zao mpya”. Njiani tulipishana na meli inaitwa Goethe, yenye magurudumu ya maji ubavuni. Ilijengwa mwaka 1913. Ilizama Vita vya Pili vya Dunia, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1952, injini imebadilishwa, na mpaka leo inapandwa. Nilipousikia mwaka ule nilikaa kimya. Liemba yetu, meli ya Ziwa Tanganyika, nayo ni ya 1913! Ilijengwa Papenburg, hukuhuku Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikatiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikapita bandari ya Dar es Salaam na kwenda Kigoma kwa reli. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Vyombo viwili vya mwaka mmoja, vyote vimezama kwenye vita, vyote vimefufuka. Kimoja kinawapeleka wazee kula keki. Kingine kimebeba watu wa Tanganyika kwa vizazi, mizigo, dagaa, wakimbizi, mpaka kikachoka, na miaka ya karibuni tumekuwa tukiusikilizia ukarabati wake. Naijivunia Liemba kuliko nilivyoweza kuwaeleza wenzangu pale juu ya sitaha. Nilijaribu, wakaduwaa, hawakuwahi kuisikia. Kwa hiyo suala la uzee wa chombo tuliache, na suala la kwamba sisi hatuwezi kutunza vitu nalo tuliache, maana meli iliyofanya kazi miaka yote ile haikujitunza yenyewe. Kuna mafundi wa Kigoma walioishika.

Tena msiniambie habari ya muda wa Kiafrika. Tangu 2024 treni ya SGR inaondoka Dar kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na Watanzania walewale wanaochelewa harusini wanaiwahi. Ndugu zangu wanaipanda kwenda Morogoro na Dodoma na wananitumia picha wamekaa kwenye siti zao, wanatabasamu. Ubao wa bei upo, bei ni ile ile kwa mwenye begi la magurudumu na mwenye rambo. Boti za Unguja nazo zinaondoka kwa ratiba. Kuweza tunaweza. Ni kwamba hakuna aliyekaa akaamua kwamba mkazi wa kawaida wa Temeke, mwenye magoti mabovu, ni abiria wa kutembea baharini. Tumeamua abiria huyo ni mgeni, au kijana mwenye mwili mwepesi anayeweza kuruka.

Fikirieni chombo kimoja tu. Kinaondoka Kivukoni asubuhi kikiwa kimejaa au kina nusu ya abiria, kinatoka nje ya mlango wa bandari, mkono wa kulia Kigamboni, kinazunguka Oysterbay na rasi ya Msasani, kinatia Bongoyo, kinatia Mbudya, jioni kinarudi. Gati la kuelea kila kituo, liwekwe upande wa mchanga, matumbawe yaachwe salama. Mama lishe wapewe nafasi ndani, wauze chai na vitumbua. Mimi nitalipa nauli ya watu kumi kila mwezi kutoka huku niliko, wazee wa mtaa wetu wapande kwa zamu.

Desemba nakuja likizo tena, kaskazi litakuwa linavuma vizuri. Mama ameshasema hapandi mgongo wa mtu. Kama kuna mwenye boti Dar anayejua sehemu ambayo mzee anaingia na kutoka kwa miguu yake, kule mjini na kule kisiwani vilevile, aniambie mapema na bei yake halisi. Nitalipa kabla sijapanda ndege.