Ukali wa Mwenyekiti, Upole wa Katibu

Katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa tumbaku hapa Tabora, nimekaa kamati moja na viongozi wawili wasiofanana hata kidogo. Mwenyekiti hupasua jambo kama lilivyo: "Deni ni hili, makato ni haya, mwaka huu wapo watakaorudi nyumbani mikono mitupu." Katibu huanza na salamu ya "Mwangaluka", akaulizia mvua, kuni za bani (banda la kukaushia tumbaku) na wagonjwa, ndipo taratibu afike kwenye deni.

Kwa muda mrefu niliona mwenyekiti ndiye kiongozi hasa. Mkulima aliyekesha akichochea moto wa bani hana haja ya kuzungushwa. Na upole nao huumiza. Msimu mmoja malipo yalichelewa, katibu akatangaza kwa maneno laini mno: "Mambo yanakwenda vizuri, tuvumiliane kidogo." Watu wakasikia fedha iko njiani. Wapo waliokopa mahindi wakitegemea kulipa baada ya wiki mbili, na fedha ikaja baada ya miezi miwili na zaidi. Siku hiyo ukweli mkavu ungekuwa huruma kubwa zaidi.

Kilichonibadilisha ni jioni moja baada ya mkutano. Mchana ule mwenyekiti aliuliza, "Kuna swali?" huku daftari limeshafungwa na ameshasimama. Kimya. Tukaandika kwenye muhtasari kwamba wanachama wameridhia. Giza lilipoingia, mama mmoja akaja kwangu, akaketi kwenye kigoda, akafungua pindo la khanga na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alipokea mifuko minne ya mbolea, na karatasi ya makato ilisema sita. Nikamuuliza, mama, mbona hukusema mkutanoni? Akajibu, "Mwanangu, yule akikutazama, maneno yanarudi tumboni."

Mwenyekiti si mwizi. Nilipomwonyesha karatasi alisahihisha kesho yake, na aliumia kweli. Alichokuwa hajui ni namna anavyosikika. Aliamini kwamba kwa kuwa yeye husema wazi, basi na wengine wako huru kusema wazi. Hapo ndipo ukali unapomgharimu kiongozi: haambiwi, na asichoambiwa hawezi kukiamua.

Mji wetu una kumbukumbu yake katika hili. Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulikaa Tabora kujadili uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wengi walitaka kususia. Nyerere, aliyekuwa rais wa chama, aliona kususia ni kuwaachia wengine viti, akawashawishi wajumbe kwa hoja mpaka wakakubali kushiriki. Ndio Uamuzi wa Busara, na TANU ilishinda. Hata hivyo Zuberi Mtemvu hakushawishika. Alijitoa akaanzisha chama chake. Kwa hiyo hata mzungumzaji hodari hapati wote. Lakini upinzani uliosikika unajulikana ukubwa wake. Ule wa mama yangu wa mbolea ulikuwa umefungwa kwenye khanga.

Wapo wanaosema mtu ameumbwa alivyoumbwa, na mkali akijilazimisha upole watu watauona unafiki. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Sikumtaka mwenyekiti abadili sauti. Nilichomwomba ni kidogo: aseme yake, kisha akae chini, daftari likiwa wazi, na maswali yaongozwe na katibu. Katibu naye nilimwomba jambo ambalo kwake ni gumu zaidi, kwamba baada ya salamu ataje kiasi na tarehe kabla ya neno lingine lolote, na kama tarehe haijulikani aseme haijulikani.

Mkutano wa mwisho ulichukua karibu saa tatu, wakati zamani ilitosha moja, na mwenyekiti alilalamika njia nzima tukirudi. Maswali yalikuwa kumi na moja. Mawili yalihusu mizani.