Yai la shule na imani ya Kihindu: nani aamue?

Desemba 2021, serikali ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ilianza kuwapa watoto wa shule za serikali yai la kuchemsha pamoja na chakula cha mchana. Ilianzia wilaya za kaskazini mwa jimbo, kama Bidar, Raichur na Yadgir, ambako utapiamlo ulikuwa mzito. Asiyekula yai alipewa ndizi, na baadaye pia chikki, kitu ambacho mtu wa pwani yetu angekiita kashata ya karanga bila kuuliza mara mbili. Ungedhani hapo hakuna cha kugombania. Lakini viongozi wa dini wa Kilingayati, madhehebu ya wamwabuduo mungu Shiva, na wa Kijaini, dini ya India inayokataza kudhuru kiumbe chochote, walijitokeza kupinga, wakataka mayai yaondolewe kabisa. (Wajaini si Wahindu, na wapo Walingayati wasiojihesabu kuwa Wahindu, ila kwenye suala hili hoja yao na ya Wahindu wengi wasiogusa nyama ni moja.)

Kwanza tuondoe picha tuliyozoea. Wahindu wengi tuliokua tukiwaona Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat na Kutch, na wengi wao hawali nyama, samaki wala mayai. Tukajenga mazoea kwamba Mhindu ni mtu wa mboga na dengu tu. Bengali hali ni nyingine: Wabrahmini wa huko, tabaka la makuhani, wanakula samaki, na kwenye hekalu la mungu wa kike Kali lililopo Kalighat, Kolkata, mbuzi huchinjwa kwa ajili ya mungu huyo. Nyama ya sadaka hiyo hupikwa bila kitunguu wala kitunguu saumu, na kwa desturi yao hiyo inatosha kuifanya iwe safi. Wapandit wa Kashmir, Wabrahmini wa huko kaskazini, nao wanakula nyama ya kondoo. Utafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, uliotolewa 2021 ulikuta asilimia 44 ya Wahindu wa India wakisema wao hawali nyama, yaani chini ya nusu. Utafiti huohuo ulikuta asilimia 72 wakisema anayekula nyama ya ng'ombe hawezi kuwa Mhindu. Kwa hiyo kwenye ng'ombe wengi wana msimamo mmoja, lakini kwenye mbuzi, samaki na yai kila jimbo, ukoo na tabaka lina lake.

Maandiko nayo hayasemi kwa sauti moja. Sura ya 17 ya Bhagavad Gita inagawa vyakula katika makundi matatu: vinavyotuliza na kuongeza uhai, vinavyochochea kwa ukali na chumvi, na vilivyochacha au kubaki. Katika aya hizo nyama haikutajwa, wala yai. Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, sura ya 5, inakataza nyama kwa maneno mazito, kisha inasema kuila si dhambi, ila anayejizuia ana thawabu kubwa. Ukisoma hivyo, kujizuia ni daraja ambalo mtu anapanda mwenyewe.

Na kanuni zenyewe hujipinda zikihitaji. Siku ya Ekadashi, ya kumi na moja katika kila nusu ya mwezi, wanaofunga hawagusi nafaka. Wengi hula sabudana, punje nyeupe zinazopikwa na viazi na karanga. Nchini India punje hizo hutengenezwa kwa wanga wa muhogo, zao lililotoka Amerika Kusini kama lilivyokuja kwetu. Hakuna mzee wa zamani aliyeandika hukumu ya muhogo, ukapita.

Sasa hoja ya wapinzani wa yai, na niiweke kwa nguvu zake zote maana mara nyingi inapuuzwa. Mhindu mcha Mungu hapiki kwa ajili ya tumbo tu. Kwenye nyumba nyingi chakula hupelekwa kwanza mbele ya sanamu, huwekewa jani la mrehani mtakatifu juu yake, na mpishi haruhusiwi kuonja hata chumvi kabla mungu hajapokea. Kikirudi kinaitwa prasad, na ndicho kinacholiwa. Kwa mtu aliyelelewa hivyo, sufuria iliyochemshiwa mayai jana haifai leo, na kumwambia asile yai tu hakujajibu shida yake. Hata sheria ya India inamuunga mkono kwa kiasi: kwenye pakiti za vyakula, maziwa hupewa alama ya kijani ya wasiokula nyama, yai alama ya kahawia. Halafu kuna suala la foleni. Watoto wanaokaa chini mstari mmoja na sahani za stili, huyu na yai, yule na ndizi, wanaanza kuhesabiana ukoo. Msomaji Mwislamu aliyesoma bweni pamoja na wasio Waislamu anaijua hofu hii ya sufuria, hahitaji kufundishwa.

Wanaongeza kwamba protini ipo kwenye dengu, karanga na maziwa. Ni kweli. Ila hapa ndipo hoja inapoanza kulegea. Dengu huongezewa maji, maziwa huongezewa maji zaidi, na mwalimu hana kipimo. Yai huwezi kulizimua. Watoto themanini, mayai themanini, hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuhesabu. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa afya ya familia wa 2019 hadi 2021 ulikuta asilimia 35.5 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, hilo si jambo dogo.

Kubwa zaidi ni swali la mlaji ni nani. Wanaotegemea chakula cha shule ya serikali wengi ni watoto wa Wadalit (waliowekwa chini ya matabaka yote na kuitwa wasioguswa), wa Waadivasi (makabila ya wenyeji) na wa maskini wengine, ambao nyumbani yai huliwa likipatikana. Wanaolikataa kwa niaba yao mara nyingi watoto wao hawali pale. Mwaka 2015, waziri mkuu wa jimbo la Madhya Pradesh, Shivraj Singh Chouhan, yeye mwenyewe mtu asiyekula nyama, alikataa mpango wa kutoa mayai kwenye vituo vya watoto wadogo katika maeneo ya Waadivasi. Tamil Nadu, jimbo lililojaa mahekalu kuliko mengi, limetoa mayai shuleni tangu miaka ya 1980 na Uhindu wake haujatetereka. Na huko Karnataka, msichana wa shule wa Gangavathi aliwaambia viongozi wa dini mbele ya kamera kwamba wakiwanyima mayai, wanafunzi watakwenda kuyalia kwenye nyumba zao za ibada. Sijasikia mwanasiasa aliyejibu vizuri kuliko huyo.

Kwa hiyo msimamo wangu uko upande wa yai, kwa sharti moja: sufuria zitenganishwe, na ndizi iwepo kweli, siyo kwenye karatasi tu. Taasisi ya Akshaya Patra, yenye uhusiano na vuguvugu la Hare Krishna, inalisha watoto zaidi ya milioni mbili kutoka majiko makubwa yasiyopika mayai, kitunguu wala kitunguu saumu. Siioni haja ya kuilazimisha. Ipike wali wake, na yai lichemshwe shuleni na mtu mwingine.

Ila kuna kanuni ya pili ya chakula iliyokaa jirani na hii ya kwanza, nayo mara nyingi huvaa nguo zake. Hiyo haiulizi kilichomo sufuriani, inauliza mkono uliopika. Desemba hiyohiyo ya 2021, wilaya ya Champawat, jimbo la Uttarakhand, watoto wa matabaka ya juu waligoma kula chakula cha shule kwa sababu mpishi alikuwa mwanamke wa Kidalit. Mama huyo aliondolewa kazini. Watoto wa Kidalit nao wakagoma kula cha mpishi wa tabaka la juu, na baadaye mama akarudishwa. Hapakuwa na yai pale wala nyama. Tatizo lilikuwa yeye. Anayekataa yai unaweza kumpa ndizi na maisha yakaendelea. Anayekataa mpishi hana mbadala wa kupewa bila mtu kupoteza kazi, na serikali ikimsikiliza kwa jina la kuheshimu imani, imeshaamua nani ni mchafu.