Ruzuku ya mabasi ya shule: nionyesheni daftari la mahudhurio

Kila ruzuku ya mabasi ya shule inapotangazwa Marekani, utasikia mambo mawili kwanza: dola ngapi zimetoka, na mabasi mangapi yatanunuliwa. Mwaka 2022, awamu ya kwanza ya mpango wa serikali ya shirikisho wa mabasi safi ya shule, yaani yasiyotoa moshi au yanayotoa moshi kidogo, ilitoa karibu dola bilioni 1. Fedha hizo zilitoka kwenye fungu la dola bilioni 5 lililotengwa kwa miaka mitano na sheria ya miundombinu ya Novemba 2021. Naunga mkono kila dola iliyoingia humo. Ila kununua basi ni matumizi, na matumizi hatujawahi kuyaita matokeo popote pengine. Matokeo ni mtoto mwenye pumu aliyekuwa akikosa shule kila mara, na sasa anaitika jina lake asubuhi mwalimu anapoita mahudhurio. Huyo ndiye ninayetaka ahesabiwe.

Wazazi wengi hudhani moshi wa basi unamdhuru aliyesimama nyuma ya basi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Los Angeles walitia kwenye ekzosi za mabasi ya shule gesi ambayo ni nadra sana kuikuta hewani, wakapanda mabasi hayo kwenye njia za kawaida za wanafunzi, na kupima hewa ya ndani. Gesi ile waliikuta humo humo, kwenye viti vya watoto. Mabasi ya zamani, madirisha yakiwa yamefungwa, ndiyo yaliyoingiza moshi wake yenyewe kwa wingi zaidi. Na moshi wenyewe si wa kuchezea: Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kwa injini kubwa mpya za dizeli nchini Marekani, kiwango cha masizi kinachoruhusiwa mwaka 2007 kilikuwa sehemu moja tu kati ya 60 ya kile cha mwaka 1988. Ndiyo maana umri wa basi ni jambo zito. Basi linaweza kupakwa rangi mpya ya njano kila likizo na injini ikabaki ile ile.

Sasa, wanaotoa ruzuku wanapima nini? EPA, taasisi ya shirikisho inayosimamia mazingira, ina kikokotoo chake. Unajaza mwaka wa injini, aina ya mafuta, maili inazotembea kwa mwaka, nacho kinakupa tani za uchafu zilizopungua. Kinasaidia kupanga, lakini kinachotoka hapo ni makadirio. Hakuna aliyepima chochote barabarani, sembuse kifuani mwa mtoto.

Kuna sharti moja la mpango huu ninalolipenda sana. Kwa kawaida, basi kuukuu la dizeli linaloondolewa lazima liuawe: bloku ya injini inatobolewa tundu la inchi 3, chesisi inakatwa pande zote mbili, na picha zinatumwa kama ushahidi. Wanaoliona ni uharibifu wakumbuke mabasi ya shule ya Marekani yanakoenda yakistaafu. Mengi huuzwa Guatemala na nchi za jirani, na huko yanaendelea kutoa moshi ule ule kwa miaka mingi, watoto wengine wakiwa ndani. Kwa hiyo, kwa upande wa basi kuukuu, ushahidi unadaiwa hadi wa picha ya tundu. Nataka ukali huo huo upande wa mtoto.

Tena uwezekano upo, maana umeshafanyika. Kati ya 2012 na 2017, EPA iliendesha mpango mdogo wa kurudishia shule sehemu ya gharama za kubadilisha mabasi. Maombi yalizidi fedha, kwa hiyo washindi walipatikana kwa bahati nasibu. Uamuzi ule wa kiofisi uliwafungulia mlango watafiti. Kwa kawaida ukilinganisha wilaya ya shule (eneo ambalo shule zake zina bodi moja) iliyopata ruzuku na iliyokosa, huwezi kuamini unachokiona. Iliyopata huenda ina mtaalamu wa kuandika maombi, ina bajeti nono, ina wazazi wenye sauti, na mahudhurio yake yangepanda hata bila basi jipya. Bahati nasibu inaondoa hayo yote. Wilaya mbili zimeomba kitu kile kile, moja ikapata na nyingine ikakosa, na kilichozitenganisha ni kura tu.

Meredith Pedde na Sara Adar wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzao, waliichukua nafasi hiyo, na utafiti wao ulitoka mwaka 2023. Mpango mzima ulikuwa umetumia kama dola milioni 39. Wilaya zilizoshinda ziliongeza mahudhurio kuliko zilizoshindwa, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi pale yalipoondolewa mabasi makuukuu zaidi, na pale mabasi yaliyoombewa ruzuku yalipokuwa yakibeba watoto wengi. Kwa makadirio yao, kubadilisha mabasi yote ya nchi nzima yaliyotengenezwa kabla ya 2000 kungeleta zaidi ya siku milioni 1.3 za mahudhurio kwa mwaka. Tena mahudhurio waliyoyatazama ni ya wilaya nzima, yaani pamoja na watoto wanaokwenda kwa miguu na wanaopelekwa na wazazi wao, ambao basi jipya haliwagusi. Tungekuwa na takwimu za wapanda basi peke yao, ninaamini tofauti ingeonekana wazi zaidi.

Tafiti nyingine zinaelekea huko huko. Karibu na Seattle, watoto 275 walifuatiliwa wakati mabasi yao yakihamia kwenye mafuta safi zaidi na vichujio: walipulizia kwenye vipimo vya mapafu mara kwa mara, na siku walizokosa shule ziliandikwa. Hali ikawa nafuu, hasa kwa wenye pumu. Georgia nako, utafiti wa mwaka 2019 ulikuta kwamba wilaya zilizofunga vifaa vya kupunguza moshi kwenye mabasi yao ya zamani ziliona alama za Kiingereza zikipanda na watoto wakiwa na pumzi zaidi kwenye vipimo vya mazoezi. Kufunga kifaa ni rahisi kuliko kununua basi jipya. Mwenye mizani ya matokeo angeweza kuniambia ni wapi kifaa kinatosha na ni wapi lazima basi zima liondoke. Anayehesabu mabasi tu hawezi.

Kwa hiyo naumia nikiona bahati nasibu ikiachwa katika sehemu ya mpango. Mwaka 2022 ilitumika, tena kwa busara: wilaya maskini, za vijijini na za jamii za wenyeji asilia zilipewa kipaumbele, kura ikapigwa. Mwaka uliofuata kukaongezwa ruzuku za kushindania kwa maandishi, na hapo tunarudi kwa mwenye mwandishi mzuri. Ukiniambia kura haina huruma, nitakujibu kwamba huruma unaweza kuiweka kwenye kipaumbele kabla ya kura, kama walivyofanya.

Najua pia meneja wa usafiri wa wilaya atasema hana watu wa kujaza fomu zaidi. Ana haki ya kulalamika. Lakini mahudhurio yanaandikwa kila asubuhi tayari, na orodha ya nani anapanda basi gani ipo kwa dereva. Kinachohitajika ni kuziweka pamoja, kulinda majina ya watoto, na kuzihifadhi hata kwa wilaya zilizokosa, kwa sababu bila hizo hakuna cha kulinganishia.

Mabasi ya umeme yanaongeza swali jingine, maana basi linaweza kufika na lisibebe mtoto. Mwishoni mwa 2023, mkaguzi mkuu wa EPA alionya kwamba ucheleweshaji wa kuunganisha umeme wa kuchajia ungeweza kuukwamisha mpango. Desemba 2024, Lion Electric, mtengenezaji wa mabasi wa Kanada, aliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Siku ambazo basi limebeba wanafunzi ziandikwe kwenye ripoti, kando ya bei yake.

Familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa za wakimbizi kutoka Kongo, zimehamia Marekani miaka hii, na watoto wao wanapanda mabasi haya. Kikao cha bodi ya shule kiko wazi kwa mzazi yeyote, na kwa kawaida kuna dakika za wananchi kuzungumza. Ukihitaji mkalimani, omba mapema. Uliza basi la njia ya mwanao limetengenezwa mwaka gani. Uliza kama wilaya iliwahi kuomba ruzuku, na kama ilipata, mabasi yapi yaliondolewa kwanza. Halafu omba mahudhurio ya wanaopanda basi, ya mwaka mmoja kabla na mwaka mmoja baada ya basi jipya, na omba uyapate kwa maandishi.