Utrasaundi ya tumbo: mmesahau kichocho

Mwandishi wa makala yenu kuhusu utrasaundi ya tumbo (kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti) ameeleza vizuri inavyosaidia majeruhi wa bodaboda: daktari anaangalia pembeni ya ini, bandama na chini kwenye nyonga kama kuna damu imevujia tumboni. Sawa. Ila habari ya matumbo ya watu wa Mwanza bila kutaja kichocho, ugonjwa wa minyoo wanaopenya ngozi mtu akiwa majini, kweli? Kuanzia Igombe na Kayenze hadi Ukerewe watu wanaingia Ziwa Victoria kila siku. Mayai ya minyoo hao yananasa kwenye ini na kuacha makovu kuzunguka mshipa unaoleta damu kutoka kwenye utumbo. Bandama inavimba, baadaye mtu anatapika damu (na majirani wanasema karogwa!). Makovu hayo utrasaundi inayaonyesha, hata pale choo kikipimwa yai halionekani.

Halafu hapo mlipoandika kwamba picha ikiwa safi majeruhi aende nyumbani, napinga. Utumbo uliotoboka mara nyingi hauonekani, gesi inaziba, na damu ikiwa kidogo mwanzoni inapita bila kuonwa. Abaki chini ya uangalizi, apimwe tena. Maumivu yakiendelea, apelekwe hospitali ya Bugando kwa CT scan, picha ya eksirei inayoonyesha ndani ya mwili kwa kina zaidi.